Kuku wa nyama wanaharisha: anza na maranda, duka la dawa baadaye

Simu huwa inaanza hivi: "Ndugu yangu, kuku wangu wana siku 22, wanaharisha, nimewapa OTC (antibayotiki ya oksitetrasaiklini) haijasaidia, niwape nini sasa?" Mara nyingi aliyepiga yuko kwenye dawa ya pili au ya tatu, na bado hajaingiza mkono kwenye maranda wala kumfungua hata kuku mmoja kati ya waliokufa. Kuharisha kwa kuku ni kama homa kwa mtoto: kunakuambia kuna tatizo, hakukuambii ni lipi.

Nimeandika hapa matatizo ninayoulizwa mara kwa mara na wafugaji wadogo wa kuku wa nyama, wale wa kuku 200 hadi 1,000 kwenye mabanda ya wazi ya Chanika, Kibaha, Mbagala na kwingineko ambako joto na unyevu havitaniwi. Tafuta dalili inayofanana na yako. Chini ya kila dalili nimetanguliza chanzo kinachotokea sana.

## Kwanza, je, kweli wanaharisha?

Kinyesi cha kawaida cha kuku wa nyama ni kigumu kiasi, cha kahawia au kijivu, chenye kofia nyeupe juu. Kile cheupe ni mkojo wao. Lakini kuku pia hutoa kinyesi cha aina ya pili mara chache kwa siku: laini, kinachonata, rangi ya chokoleti, chenye harufu kali. Hicho hutoka kwenye utumbo mpofu, ile mifuko miwili iliyo karibu na mwisho wa utumbo. Ni cha kawaida kabisa.

Kundi langu la kwanza lilinitia hasara kwa sababu hiyo. Niliona uji wa chokoleti kila kona, nikakimbilia dukani, nikarudi na dawa ya kuhara na ya minyoo kwa pamoja. Kuku walikuwa wazima. Walichofanya baada ya hapo ni kupunguza kunywa, maana maji yalikuwa machungu.

Kwa hiyo kabla ya chochote, kaa bandani dakika kumi bila kuwashtua. Tazama vitu vitatu. Wangapi wamejikunyata, mabawa yamelegea, manyoya yamesimama? Chakula cha jana kilikwisha kama cha juzi? Na maji? Kuku 500 wa siku 22 hula karibu mfuko mmoja wa kilo 50 kwa siku. Hali ya hewa ikiwa ya wastani, maji wanayokunywa huwa karibu mara mbili ya uzito wa chakula, yaani kama lita 100. Februari ya Dar es Salaam hupita hapo kwa mbali. Asiyeandika hesabu hizi kila jioni atagundua ugonjwa siku mbili baada ya mwenzake anayeandika, na kwa kuku wa wiki tano siku mbili ni nyingi.

## Maranda mabichi, kinyesi cha maji, lakini kuku wamechangamka

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote, na mara nyingi haina kijidudu ndani yake.

Anza na drinka. Inavuja? Imewekwa chini mno? Ukingo wake unatakiwa ulingane na mgongo wa kuku, na unapandishwa kila baada ya siku chache kadiri wanavyokua. Ikiwa chini, wanamwaga na wanaingia na miguu. Kama maji yamelowesha duara kuzunguka drinka tu na katikati ya banda ni pakavu, umeshapata jibu.

Kama banda zima limelowa, angalia joto na msongamano. Kuku anayehema mdomo wazi hunywa sana na kukojoa sana. Kwenye banda la wazi ukanda wa pwani, mimi sizidishi kuku 10 kwa mita moja ya mraba wanapokaribia kuuzwa. Najua wapo wanaoweka 14 na wanafanikiwa mwezi Julai. Waulize kuhusu Januari.

Baada ya hapo chunguza chumvi. Anayejichanganyia chakula mwenyewe huweka chumvi ya kipimo kilichoandikwa, kisha anaweka dagaa ambao tayari wana chumvi na mchanga. Kuku anakunywa maji kutafuta nafuu. Onja dagaa kabla ya kununua. Kama wamekolea, punguza chumvi ya mchanganyiko. Chumvi ikizidi sana, vifaranga hufa, hawaishii kuharisha tu.

La mwisho ni soya isiyoiva. Soya mbichi ina kizuizi kinachozuia kuku kumeng'enya protini. Soya iliyokaangwa vizuri haina ladha ya maharage mabichi ukiitafuna.

Unachofanya leoleo: toa maranda yaliyolowa kwa koleo, weka makavu, fungua mapazia upande upepo unakotoka. Kipimo cha maranda ni mkono. Finya konzi moja ya maranda, ukiachia yasambaratike. Yakibaki tonge, ni mabichi.

Usilidharau tatizo hili kwa kuwa kuku wanakula. Mayai ya koksi, kijidudu kinachoshambulia utumbo wa kuku, yanayotoka na kinyesi hayana madhara hadi yapevuke, na yanapevuka kwa siku moja au mbili yakipata joto na unyevu. Akiyadonoa kuku leo, kabla ya wiki kwisha anatoa mengine maelfu kwa maelfu. Kwa hiyo drinka iliyovuja Jumatatu hii ndiyo damu ya wiki ijayo.

## Damu kwenye kinyesi

Kuku wa wiki tatu hadi tano mwenye damu kwenye kinyesi, aliyejikunyata na upanga uliopauka, mara nyingi ana koksi. Kuna spishi saba za Eimeria zinazomshambulia kuku, na ile ya damu nyingi, *Eimeria tenella*, hukaa kwenye utumbo mpofu. Mfungue aliyekufa muda si mrefu: ukikuta ile mifuko miwili imevimba, imejaa damu au bonge kama jibini lililochanganyika na damu, huna haja ya kubahatisha zaidi.

Vyanzo vingine vipo lakini ni vichache. Kuku wamedonoana sehemu ya haja, damu ikapaka kinyesi kwa nje. Au wamezidishiwa dawa za salfa. Hili la pili watu hawaliamini hadi niwaonyeshe hesabu: dawa imepimwa kwa lita, siku ya joto kuku amekunywa mara moja na nusu ya kawaida, basi amemeza dozi moja na nusu. Salfa ikizidi huumiza figo na kumfanya kuku avuje damu ndani.

Kwa koksi, amproliamu ndiyo ninayoanza nayo, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo na kwa siku zote zilizoandikwa, hata kama damu imekoma siku ya pili. Mambo yanayoiharibu ni haya:

Kuichanganya na vitamini. Amproliamu hufanana na vitamini B1, na hivyo ndivyo inavyofanya kazi: kijidudu kinaichukua badala ya B1 kinachoihitaji, kinadhoofu. Ukimimina multivitamini yenye B1 kwenye ndoo ileile, umekipa kijidudu chakula chake. Vitamini ziwe za baada ya tiba.

Kuacha drinka moja ya maji matupu "wasije wakakosa maji". Wote wataenda hapo.

Kuacha maranda yaleyale. Dawa inafanya kazi ndani ya kuku. Chini ya miguu yake mamilioni ya mayai yanasubiri.

Kumpa antibayotiki peke yake. OTC ni ya bakteria, na koksi si bakteria. Ikionekana imesaidia, mara nyingi kuku walikuwa wameanza kupona wenyewe.

Toltrazurili ina nguvu zaidi na hutolewa kwa siku mbili tu, ila soma muda wa kusubiri kabla ya kuchinja. Kwenye lebo nyingi ni zaidi ya wiki mbili. Kuku wa siku 25 anayeuzwa siku ya 35 hawezi kupewa dawa hiyo kihalali.

Simama hapa, mpigie daktari wa mifugo kama siku tatu za dawa iliyopimwa vizuri hazijapunguza vifo. Mpigie pia kama chakula ulichonunua tayari kina dawa ya kuzuia koksi ya kundi la salinomisini au monensini na mtu amekushauri uongeze tiamulini kwa ajili ya mafua. Dawa hizo zikikutana mwilini mwa kuku huwa sumu. Na chakula hicho kisimfikie punda wala farasi, kitamuua.

## Chakula kinatoka hakijasagika, kuku hawalingani

Hakuna damu, vifo vichache, lakini kwenye kinyesi unaona punje za mahindi na ute wa rangi ya machungwa. Kundi limegawanyika: hawa wana kilo na nusu, wale wanafanana na wa wiki mbili.

Hapa wengi wanalaumu chakula, na mara nyingine wako sawa. Lakini kisababishi ninachokikuta zaidi ni koksi isiyo na damu, ile ya utumbo wa juu na wa kati. Inakula kuta za utumbo polepole, kuku anakula na hafaidi. Ukimfungua, tazama utumbo wa mwanzo, ule unaozunguka kongosho: vidoa au mistari myeupe inayokatiza kama ngazi ni ya *E. acervulina*. Utumbo wa kati uliovimba wenye ute wa machungwa ni wa *E. maxima*. Tiba ni ileile ya juu. Mfugaji anayesubiri damu ndipo aamini kuna koksi atasubiri hadi siku ya kuuza, kisha ashangae mizani.

Usipokuta hayo, rudi kwenye chakula. Ulibadili kutoka stata kwenda growa kwa siku moja? Changanya kwa siku tatu au nne. Mahindi yana ukungu? Sumukuvu huharibu ini, na ini la kuku aliyeathirika huwa limepauka au la manjano, limevimba. Hakuna dawa ya kuponya ini hilo. Ondoa chakula chote, usikichanganye na kizuri ili "kipungue makali".

Pima kuku 30 kila wiki, uliowakamata bila kuchagua. Mizani inakwambia kabla macho hayajaona.

## Kinyesi cheupe

Uliza umri kwanza, maana jibu linabadilika kabisa.

Chini ya siku 10. Vifaranga wamezibwa sehemu ya haja na kinyesi kilichoganda. Mara nyingi ni baridi ya bruda, au joto lililopitiliza, au walikaa muda mrefu njiani bila maji. Vifaranga waliorundikana chini ya taa wanaona baridi, waliokimbilia pembeni wakihema wanaungua. Siku ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 34, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Wapangusie kwa kitambaa na maji ya vuguvugu, usibandue kwa nguvu, ngozi inachanika. Jioni ya siku ya kwanza shika magole yao, ule mfuko wa chakula shingoni. Likiwa tupu, hajaona chakula au maji.

Kama joto liko sawa na vifaranga bado wanakufa kwa wingi wiki ya kwanza na ya pili, kiini cha yai kimebaki tumboni kinanuka au ini lina vidoa vyeupe, fikiria salmonela iliyotoka kwa kuku mzazi kupitia yai. Hapo usinunue dawa. Peleka vifaranga maabara na umjulishe aliyekuuzia. Wanaobaki hai wanaweza kubeba vijidudu hivyo.

Wiki tatu hadi tano. Kinyesi cheupe cha maji, kuku wanatetemeka, wamelala kifudifudi, wanajidonoa sehemu ya haja. Vifo vinapanda kwa ghafla siku tatu au nne kisha vinashuka. Mchoro wa vifo unafanana na kilima. Hiyo ni Gumboro mpaka uthibitishiwe vingine. Jina ni la mahali huko Delaware, Marekani, ulikoripotiwa mwaka 1962. Ukimfungua kuku, tafuta bursa, kitezi kidogo kilicho juu ya mwisho wa utumbo: kimevimba, kina ute wa njano au damu. Misuli ya paja na kifua ina mabaka ya damu.

Hayo mabaka ndiyo yanayowaponza watu. Wanaona damu, wanasema koksi, wanamwaga salfa kwenye maji. Kuku wa Gumboro figo zake tayari zimevimba, na salfa inammaliza. Nimeona banda lililokuwa linapoteza kuku 8 kwa siku likipoteza 30 baada ya dozi ya kwanza.

Gumboro ni virusi, haina tiba. Wape maji safi mengi, joto la kutosha usiku, utulivu. Wiki moja baadaye kaa macho, kwa sababu kinga yao imeanguka na koksi hupenda kuingia hapo. Jiulize chanjo ilikwama wapi. Ilikaa nje ya barafu kwenye bodaboda? Uliichanganya na maji ya bomba yenye klorini? Klorini huua chanjo. Tumia maji yasiyo na klorini, au weka gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita kabla ya chanjo, na zisioshwe drinka kwa dawa siku hiyo. Waache wapate kiu kwanza ili maji ya chanjo yaishe ndani ya saa mbili.

## Kinyesi cheusi chenye povu na harufu ya kuoza, na wanaokufa ni wale wanono

Jioni walikula, asubuhi umekuta wanne wamekufa, wote wale wakubwa uliokuwa unawahesabia faida. Bakteria wa *Clostridium perfringens* wanaishi kwenye utumbo wa kuku wazima bila shida, lakini utumbo ukijeruhiwa na koksi, au chakula kikijaa dagaa wengi au ngano nyingi, wanazaliana na kutoa sumu inayooza ukuta wa utumbo. Ukifungua, utumbo wa kati umejaa gesi, mwembamba, unachanika kirahisi, na ndani umepakwa utando wa kahawia wenye mikunjo kama taulo chakavu.

Angalizo moja: kuku aliyekufa saa sita zilizopita kwenye joto la pwani utumbo wake hujaa gesi wenyewe. Mfungue aliyekufa sasa hivi, au mchinje aliyezidiwa, la sivyo utasoma uozo ukidhani ni ugonjwa.

Huu si ugonjwa wa kujitibia. Unahitaji antibayotiki sahihi iliyoandikwa na daktari wa mifugo, na koksi iliyoufungulia mlango itibiwe pia. Wakati unamsubiri, rudisha chakula cha mwanzo kama ulikibadili, na toa maiti bandani kila baada ya saa chache. Wenzao wakiwadonoa wanameza bakteria. Kuku walio kwenye dawa wasiende kwa mama lishe hadi siku za kusubiri ziishe, hata mteja akiwa amesimama mlangoni na fedha mkononi.

## Kinyesi cha kijani

Kuku asiyekula kwa siku nzima hutoa kijani cha nyongo, kwa hiyo kwanza hakikisha chakula kilikuwepo. Kama kilikuwepo na kuku wanakoroma, shingo zinapinda, mabawa yameanguka, ni kideri hadi maabara iseme hapana. Usimfungue kuku, usiuze, usigawie jirani. Vifo vya ghafla vya kundi kubwa, vichwa kuvimba na upanga kuwa wa bluu vinaweza kuwa mafua ya ndege, ambayo humpata hata binadamu. Funga banda, mwite afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo.

## Kupeleka maabara

Kiwango changu ni hiki: baada ya wiki ya kwanza, vifo vikifika kuku 5 kwa kila 1,000 kwa siku, au vikiongezeka maradufu siku mbili mfululizo, naacha kubahatisha. Tanzania iko Wakala ya Maabara ya Veterinari, makao yake Temeke na vituo kwenye kanda. Kenya kuna maabara kuu ya Kabete. Beba kuku watatu wagonjwa walio hai, na waliokufa karibuni wakiwa kwenye barafu, wasigandishwe kwenye friza. Beba na kiganja cha chakula, pamoja na karatasi ya dawa ulizotoa. Usifiche ile ya pili na ya tatu.

## Tatizo liliisha, kwa kundi lililofuata likarudi

Mayai ya koksi hayaogopi klorini wala dawa nyingi za kuoshea mabanda. Yanaogopa ukavu, moto na amonia. Toa maranda yote, hata ya chini ya ubao na kwenye nyufa za sakafu, uyapeleke mbali na banda. Osha kwa sabuni kwanza kwa kuwa dawa ya kuua vijidudu haipiti kwenye uchafu. Acha likauke kabisa, jua liingie. Lipumzishe siku 14, na ziba nyufa kwa saruji badala ya kuzimwagia dawa kila kundi. Viatu vya bandani vibaki bandani. Anayekuja kununua kuku asiingie ndani, amalize biashara mlangoni, maana asubuhi hiyo ametoka kwenye mabanda mengine matatu.